Robo Saa ya Shemasi

Namshukuru Mungu kwa mambo mengi, na mojawapo ni kwamba alinipa kujifunza kusoma saa nikiwa tayari na mvi. Watoto wangu wanadhani nilijifunza ili nijue wakati wa dawa. Nilijifunza kwa sababu ya shemasi mmoja.

Tulikuwa tumefika Bunia, mtaani Saio, baada ya kukimbia vita. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini bado tulilala na mizigo imefungwa karibu na mlango. Kanisani, kila Jumapili, mtu mmoja aliyenusurika alipewa robo saa ya kutoa ushuhuda. Shemasi alikaa kwenye meza mbele, chini ya saa ya ukutani, na muda ulipoisha aligonga meza kwa funguo zake.

Zamu yangu ilipofika, nilieleza tulivyotoka upande wa Bogoro. Nilikuwa nimefika pale mume wangu alipoanguka njiani, sijasema bado nilivyomzika. Funguo zikagonga.

"Mama, robo imekwisha. Saa iko pale ku ukuta, angalia weye mwenyewe."

Niligeuka nikaangalia. Niliona namba na vijiti viwili.

"Anaiangalia sawa mbuzi mbele ya redio," akasema, na kanisa likacheka. Nilirudi kuketi, na mume wangu alikuwa bado hajazikwa.

Usiku huo nilipiga magoti nikaomba moyo wa kusamehe. Sikupewa upesi. Nilichopewa ni subira, nami nikaitumia.

Aliyenifundisha saa ni mke wa shemasi. Tulikuwa tunachambua maharagi uani kwake. Akapanga maharagi kumi na mawili kuzunguka sahani, akaweka katikati njiti mbili za kiberiti, moja ameivunja.

"Uone, dada. Huyu mufupi ni wa saa. Akisimama ku tisa, unavuka ng'ambo, unakuta tatu. Ni saa tatu. Bazungu banaanza kuhesabu usiku katikati, siye tunaanza na jua."

"Na bwana yako akijua unanifundisha?"

"Bwana yangu ananikata maneno kila siku ku nyumba, na pale hakuna hata saa ya ukuta."

Nilimwomba shemasi nimalizie ushuhuda wangu. "Jumapili, saa tatu na robo," akasema. Siku hiyo nilikaa benchi la mbele na macho yangu hayakutoka ukutani. Kijiti kifupi kilikuwa karibu kabisa na tisa. Ng'ambo yake ni tatu. Kirefu nacho kilikuwa kwenye tisa; ng'ambo yake ni tatu, basi ni robo. Nikasimama nikaenda mbele. Shemasi alikuwa katikati ya maombi. Akafungua jicho moja.

"Mama, hii ni saa tatu kasoro robo. Ama umeleta saa yako kutoka Bogoro?"

Wakacheka tena. Kwa kuvuruga maombi, zamu yangu ikafutwa.

Mke wake alicheka mpaka maharagi yakamwagika. "Murefu havuke, dada. Unamusoma pale pale anasimama. Ni mufupi tu anavuka."

Tangu siku hiyo nilisoma saa. Jumapili baada ya Jumapili nilikaa kimya nikimchunguza shemasi. Watu wa upande wake walipata robo yao na zaidi. Sisi wakimbizi, kila mmoja aligongewa meza kirefu kikiwa bado njiani. Ningesema mapema, angeomba radhi na jambo lingekwisha. Nilitaka asimame yeye.

Alisimama siku ya shukrani ya mavuno. Aliacha funguo mezani, akaanza kueleza jinsi Mungu alivyoilinda nyumba yake, kirefu kikiwa juu kabisa, kwenye kumi na mbili. Aliongea vizuri. Alipofika kwa ndugu yake aliyepotea upande wa Kpandroma, sauti ikaanza kukatika. Kirefu kikafika kwenye tatu. Nikaenda mezani, nikachukua funguo, nikagonga.

"Baba shemasi, robo imetimia."

"Mama, nimebakiza kidogo tu."

"Hata miye nilibakiza kidogo."

Kanisa zima liligeukia ukuta. Hakuna aliyecheka. Mchungaji aliangalia saa, akaangalia funguo mkononi mwangu.

"Shemasi, ukae. Mama, ulibakiza nini?"

Nikasema. Nilimvingirisha mume wangu katika shuka ya mtoto, nikachimba kwa sufuria, nikamzika katika shamba la mihogo la mtu nisiyemjua. Nilisema polepole, funguo bado ziko kiganjani. Shemasi alikaa benchi la mbele, na habari za ndugu yake zimebaki mdomoni.

Jioni alikuja kwangu tusameheane. Nilimpa chai, nikamwambia nimesamehe, na ni kweli. Lakini Jumapili ile mchungaji aliniachia funguo, na tangu hapo mwenye kukaa kwenye meza ni mimi, na zamu za ushuhuda ninazipanga mimi. Kila mwaka ananiuliza kwa heshima zamu yake itafika lini. Namwambia asubiri.