Nesi Alipouliza Kama Anaweza Kutembea

Zulmira Morgado alizeeka katika nyumba aliyozaliwa. Ni nyumba ya mawe, kijijini Vale de Freixo, juu kabisa katika milima ya Trás-os-Montes, kaskazini mwa Ureno, ambako baridi huja mapema na kuondoka kwa kusukumwa. Chini walikaa ng'ombe, juu walikaa watu, na wa juu akitaka kufika chini alipita ngazi za mawe zilizo nje, zisizo na pa kushika. Aliishi humo na kaka yake Abílio. Ndugu wengine walikwenda Ufaransa kujenga nyumba za watu na hawakurudi ila kwa mazishi. Hawa wawili walibaki na ng'ombe, shamba la shayiri na miti ya kastanya, njugu kubwa za kuchoma, na kila mmoja kwa sababu zake hakuoa wala hakuolewa.

Walikuwa watu wa kugombana. Waligombania chumvi ya supu, mlango ulioachwa wazi, jina la ng'ombe aliyekufa zamani. Majirani waliwazoea, kama watu wanavyozoea kelele za kinu.

Abílio alikuwa mwanamume wa mifupa mikubwa, aliyebeba magunia ya kastanya mawili mawili. Alipofika miaka themanini na ushee moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba hadi viatu vikakataa kuingia, pumzi ikawa fupi, na juu ya kifundo cha mguu wa kushoto pakatoboka kidonda kisichotaka kufunga. Daktari wa mjini alimpa vidonge vya kutoa maji mwilini, akamkataza chumvi, na akaandika kwamba nesi aende kijijini kuona kama mzee huyu anastahili kuuguzwa nyumbani.

Asubuhi aliyotarajiwa nesi, Abílio alinyoa ndevu. Alivaa shati jeupe la kwendea misa, akaomba mkanda, na kabla Zulmira hajafahamu anachokusudia, alikuwa ameanza kuteremka ngazi kwa makalio, moja baada ya nyingine, huku akitweta. Gari la nesi lilipofika, lenye matope hadi madirishani, Abílio alikuwa amesimama uani, mkono mmoja umeegemea mlango wa zizi, kama mtu anayepunga upepo.

Nesi aliitwa Filomena. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyozoea viziwi.

"Mzee Abílio, unaweza kushuka ngazi peke yako?"

"Kwani umenikuta wapi, binti? Si hapa chini?"

"Kuoga je?"

"Naoga. Au unataka kuja kuhakikisha?"

Filomena alicheka. "Na usiku unalala?"

"Kama gogo."

Zulmira alikuwa amesimama ngazi ya chini kabisa, mikono ndani ya aproni. Alijua kwamba kaka yake halali kitandani tena. Alilala amekaa kwenye kiti cha jikoni, kwa maana akijinyoosha alihisi anazama. Alijua nani anamwosha mgongo, na nani anamvisha soksi.

"Ndivyo, mama Zulmira?" Filomena alimgeukia.

Abílio alimtazama dada yake. Lau angemtazama kwa ukali, Zulmira angesema kweli. Ukali wake alishauzoea. Lakini macho yale yalikuwa yanamwomba, na katika maisha yao yote Abílio hakuwahi kumwomba kitu.

"Ndivyo," alisema Zulmira.

"Basi nikuambie wazi, mzee," alisema Filomena. "Uuguzi wa nyumbani ni kwa mtu ambaye kutoka nje kwake ni shughuli. Hatoki mpaka ashikwe, au akitoka anarudi hoi. Halafu awe na jambo linalotaka mkono wa nesi. Kidonda unacho, hapo sina neno. Lakini wewe unatembea, na mtu anayetembea hufuata dawa kwenye kituo cha afya. Siwezi kukuingiza kwenye orodha."

"Nani aliomba aingizwe?" alijibu Abílio.

Gari lilipoondoka, alichukua muda mrefu kupanda. Katikati ya ngazi aliketi, akaweka paji la uso juu ya jiwe la ukuta.

"Usiseme kitu," alisema.

"Sijasema."

"Unafikiri. Nakusikia."

Walikwenda kituoni mara mbili kufungwa kidonda, wakipakiwa kwenye gari la jirani yao Gualter, na mara zote mbili Abílio alirudi rangi ya majivu. Baada ya hapo alikataa. Zulmira akawa anamfunga mwenyewe kwa vitambaa vya kitani alivyochemsha, na kila alipofungua aliona kidonda kimepanuka. Hakumwambia mtu. Alikuwa ameshasema "ndivyo", na neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku moja adhuhuri, akikoroga supu, alisikia kiti kikikwaruza sakafu. Abílio alikuwa ameanguka kando ya jiko, midomo ya bluu, akivuta pumzi kama anayenyonya kitu kinene. Gualter alimbeba. Gari la wagonjwa lilikutana nao njiani.

Alikaa hospitali hadi watu walipoanza kuokota kastanya. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, mashavu yameingia ndani, mikono imebaki mikubwa kuliko yeye. Filomena akaja tena, safari hii akapanda mwenyewe hadi chumbani, akavuta kiti kando ya kitanda. Maswali yalikuwa yale yale.

"Nikipata nguvu kidogo nitashuka," alisema Abílio.

"Hashuki," alisema Zulmira.

"Nyamaza, Zulmira."

"Nilinyamaza ile mara ya kwanza, na kunyamaza kule kumekupeleka hospitali." Alikuwa anamwangalia nesi, si kaka yake, kwa sababu angemwangalia kaka yake asingemaliza. "Hashuki ngazi. Hata kabla ya hospitali alishuka kwa makalio ili akudanganye. Analala amekaa. Mimi ndiye namwosha, mwili mzima, kama mtoto mchanga. Kwenda chooni namshika, na mara nyingine hatuwahi. Na analia. Anafikiri mimi sisikii."

Abílio aligeuza uso akatazama ukuta.

Filomena hakuandika mara moja. "Amewahi kutoka tangu arudi?"

Zulmira alisita. "Siku ya Marehemu Wote. Gualter alimbeba mgongoni hadi makaburini, kwa mama. Hiyo imemharibia?"

"Hapana, mama. Kwenda kusali mara moja moja, au kwenda kwa daktari, hakumwondolei mtu haki yake. Tunachoangalia ni jinsi anavyoweza kutoka na gharama anayolipa mwilini. Kaka yako anastahili. Alistahili hata siku ile, ila mimi nilionyeshwa mtu mwingine." Kisha akainamia kitandani. "Mzee, lipo na la pili. Kwa kuwa umelazwa kwa ajili ya moyo, unaweza kufuatiliwa ukiwa hapa hapa. Nitaacha mizani, kipimo cha presha na kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni. Kila asubuhi unapima, namba zinakuja zenyewe kituoni, nami nikiona mambo yanaharibika napiga simu kabla hujaanguka. Inatakiwa awepo mtu wa kukusaidia, naye yupo. Inatakiwa pia wewe mwenyewe ukubali. Usipokubali navirudisha garini."

Abílio alivuta blanketi hadi kidevuni.

"Acha," alisema Abílio kwa ukuta.

"Nikuache wewe, au niviache vifaa?"

"Vifaa."

Tangu siku ile, kwa muda mrefu, Abílio hakusema tena na dada yake. Alizungumza na Filomena, aliyekuja kufunga kidonda. Alizungumza na Gualter. Hata na mizani alizungumza, akipandishwa juu yake kila asubuhi karibu na dirisha la jikoni, mahali pekee pa nyumba ambapo mtandao ulishika. "Haya, bibi, sema," aliiambia. Lakini dada aliyemshika kwapani asianguke, hakumwambia hata "taratibu". Zulmira alizungumza peke yake, akauliza na kujibu. Aligundua kwamba kelele zao za miaka yote ndizo zilizokuwa zimeijaza nyumba.

Supu isiyo na chumvi Abílio aliionja na kuisukuma. Alizidi kukonda usoni. Mwezi wa Desemba Gualter alichinja nguruwe, na moshi ulipokwisha kufanya kazi yake, mkewe alileta chouriça, soseji nene ya kukaushwa moshini, iliyokolea chumvi na paprika. Zulmira aliitundika juu ya jiko akijiambia ni ya wageni. Asubuhi iliyofuata alikata kipande, akakikaanga, akakiweka mbele ya kaka yake pamoja na mkate. Abílio alikula. Alifuta sahani kwa mkate, kisha akainua macho akamtazama. Tangu siku ya vifaa hakuwa amemtazama. Kwa ajili ya mtazamo ule Zulmira alikata kipande kikubwa zaidi kesho yake, na keshokutwa tena.

Simu iliita wakiwa mezani. Zulmira aliiweka kwenye spika, kama kawaida, na sauti ya Filomena ikajaa jikoni.

"Mzee Abílio, uzito umepanda zaidi ya kilo mbili tangu juzi. Hiyo si nyama, hayo ni maji yanarudi. Umekula nini?"

Zulmira alisimama na mwiko mkononi.

"Chouriça," alisema Abílio. "Nimeiba."

"Umeiba? Ilikuwa wapi?"

"Juu ya jiko. Dada yangu alikuwa nje na kuku. Nilijikokota."

"Umejikokota, ukasimama, ukaangua soseji ya kutundikwa? Mzee, kama una nguvu hizo itabidi nikutoe kwenye uuguzi."

Abílio alikunja uso, akitafuta njia nyingine ambayo soseji ile ingemfikia.

"Hakuiba," alisema Zulmira. "Nilimpa mimi. Siku tatu."

"Mpumbavu huyu!" alifoka Abílio. "Mtu anamdanganyia, naye hata kudanganyiwa hajui!"

Filomena aliwaambia waongeze kidonge cha maji, kama daktari alivyoelekeza, na kwamba kesho angefika, na kwamba chouriça ile angeikuta imekwisha kurudishwa kwa mwenyewe. Simu ikakatika. Zulmira aliketi.

"Kwa nini ulitaka kubeba kosa langu?" aliuliza.

"Wangesema humwezi mgonjwa. Wangeleta mtu mwingine, au wangenipeleka kwenye nyumba ya wazee." Alisukuma sahani kando. "Wewe ulinisema mbele ya mgeni."

"Nilisema kweli."

"Najua. Ndiyo maana iliuma."

Kisha akamwambia mlango uko wazi na baridi inaingia, naye Zulmira akamjibu kwamba haujawahi kuwa wazi, na wakagombana hadi jioni.

Maji yalitoka. Kidonda kilianza kufunga pembeni. Lakini moyo ulikuwa umechakaa, na Filomena hakuwaficha: namba zilikuwa zinateremka polepole, na siku ingefika ambapo simu yake isingesaidia kitu. Daktari alimuuliza Abílio kama akizidiwa angependa kurudi hospitali. Alisema hapendi. Aliulizwa na Zulmira pia, mara mbili, na mara zote mbili akasema hapendi.

Alikufa theluji ya mwisho ilipokuwa inayeyuka, asubuhi, kabla ya kupimwa. Zulmira alikuwa anamfuta uso.

"Maji ya baridi haya," alisema Abílio.

"Ya moto."

"Basi ni mimi."

Baada ya mazishi Filomena alikuja kuchukua vifaa. Alikunja nyaya, akaifuta mizani vumbi. Zulmira alimwekea bakuli la supu, na kabla vifaa havijaingia mkobani, akanyoosha mkono wake mwenyewe.

"Nipime na mimi."

Filomena alimfunga kipimo. Kilivimba, kikaminya, kikaachia.

"Presha yako ni ya msichana, mama. Ngazi unapanda na kushuka?"

"Kila siku."

"Unajipikia, unaoga mwenyewe?"

"Yote nafanya."

"Basi huna unachostahili kutoka kwetu. Shukuru Mungu."

Zulmira alishukuru. Alimsindikiza hadi uani, akasimama akilisikiliza gari likiteremka kwenye kona za mlima hadi sauti ikaisha. Filomena alipita tena mara chache, bila kutumwa, akanywa kahawa. Kisha akahamishiwa kituo cha mbali. Zulmira amemuuzia Gualter ng'ombe wake. Amebaki na kuku, na asubuhi mke wa Gualter akipita njiani humsikia jikoni akigombana na mtu, kwa sauti ya juu, kuhusu mlango ulioachwa wazi.