Watu wa Ndani ya Kaseti

Mume wangu alipenda roki ya zamani, ile ya wazungu wenye nywele ndefu na gitari za umeme. Mimi siipendi. Nalisema mapema ili muntu asifikiri nimebadilika kwa sababu ya huzuni. Mimi naimba korali ya kanisa, na nyimbo zangu zinanitosha.

Alikuwa shoferi wa kamyo ya mufanyabiashara wa Butembo, aliyekuwa na duka kule Mpofi. Walipandisha mawese kutoka Walikale, wakashuka na maharagwe na viazi vya Masisi. Barabara ile ni matope, ukikwama unakaa na matope yako mpaka watu wapatikane wa kusukuma. Patroni, yule mwenye duka, alimupa katoni ya kaseti za zamani zilizokosa mununuzi dukani, azisikilize njiani. Nyingi alizigawa. Alibakiza zile tu zilizorekodiwa mbele ya watu, kwenye konseri.

Nilimuuliza tofauti ni nini, wimbo si ule ule?

"Hapana, Mama. Ile ingine wanaimba mu nyumba, mulango imefungwa. Hii, watu wako mule. Sikia, muntu anapiga miluzi. Mwimbaji ananyamaza, watu wanamumalizia wimbo."

"Wanamumalizia kwa sababu hajui kuimba."

Akacheka. Alikuwa na tatu alizozipenda kuliko zote. Katika moja, mupiga ngoma anaachwa peke yake, anapiga mpaka mimi namaliza kumenya muhogo wa chakula cha jioni. Katika ya pili, kuna mwimbaji mwenye sauti iliyokauka, anaongea na watu kati ya nyimbo kama katekista anayetoa matangazo. Ya tatu ndiyo iliyokuwa moyo wake. Hiyo haianzi na gitari. Inaanza na kelele za watu, wengi kama soko tatu zimekutana, wanapiga makelele muda murefu, ndipo gitari inaingia chini yao polepole.

"Sikia," aliniambia siku moja, "watu wote wale pahali pamoja, na hakuna anayekimbia."

Tulikaa Burungu wakati ule. Barabara ilikuwa imefungwa kwa vita, kamyo haitembei, mume wangu yuko nyumbani na radio yake ya kaseti. Wiki ile watu wa mulima wa pili walikuwa wamepita kwetu na magodoro kichwani. Sisi tulikuwa bado hatujaondoka, lakini kila nyumba ilikuwa na mufuko umefungwa mulangoni. Muntu wa Masisi ananielewa. Ukisikia watu wengi wanapiga kelele, huulizi ni nini. Unashika mutoto na unakwenda. Utauliza ukifika.

Mume wangu alipata mapile mapya ya kutia katika radio. Mchana, akaweka kaseti ya tatu, akafungua sauti yote.

Mimi nilikuwa mutoni. Nilichokiona ni watu wanashuka mulima wanakimbia, sufuria zimeachwa kwenye moto, wengine wameshika jembe bado. Nikakimbia nao. Jirani yetu, mwanamuke aliyekuwa analima shamba la kando ya letu, alikuwa amebeba mama yake mugongoni kama mutoto. Mama yule alikuwa muzee sana, hata kwenda uani alishikwa mukono. Ng'ambo ya mto jirani akamushusha apumzike. Alikuwa ameshakufa. Hakuna risasi iliyomugusa. Hakuna risasi iliyopigwa siku ile.

Tuliporudi, mume wangu alikuwa amekaa mbele ya nyumba, anashangaa kijiji kimekwenda wapi. Alipoelezwa, alizima radio kwa mikono miwili. Watu wengine wakaanza kucheka, kicheko cha muntu aliyeogopa bure.

"Shoferi, leo umetufukuza peke yako, na bunduki hauna."

"Hata wenye bunduki hawajawahi kutukimbiza hivi."

Kisha wakaona jirani anapanda mulima na mama yake mikononi, wakaacha.

Mume wangu alichimba kaburi pamoja na ndugu zake yule mwanamuke. Kaseti alizifunga ndani ya plastiki, na kwa miaka hakuzifungua. Vita vilipotufikia kweli tulikimbilia kambi ya Mweso, na huko Mungu akatupanga tena na jirani yule yule, hema yake ya shitingi, ile plastiki ya wakimbizi, na yetu zinagusana. Alinisalimia kila asubuhi. Mume wangu alimujibu salamu akiangalia chini.

Halafu mume wangu akaugua tumbo. Kwenye hospitali walimupima, wakanambia nimurudishe nyumbani, nimupe anachokitaka. Chakula hakutaka. Nikamuuliza anataka nini.

"Kaseti ya tatu."

Nikamwambia shitingi haina ukuta. Akasema anajua. Akageuza uso.

Nilikwenda kwa jirani baada ya misa. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuacha.

"Dada, nimekuja kwa sababu ya ile kaseti."

"Ile iliyoua mama yangu."

"Njo ile."

"Iko bado?"

"Iko. Anaomba kuisikia. Hatabaki sana."

Akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. "Unaniomba ruhusa ao unanipasha habari?"

"Nakuomba ruhusa."

Alichambua mpaka ungo ukaisha. Sikumuharakisha.

"Muimbo upige," akasema. "Lakini watu, hapana. Sauti ya wale watu isinifikie."

Nikamwambia imekubaliwa. Kisha nikapita kwa wengine wote wa karibu, shitingi kwa shitingi, kuwaambia wasikimbie. Muzee mumoja wa kwetu Burungu akanijibu: "Safari hii nitabeba na kuku, mara ya kwanza niliiacha." Lakini hakucheka.

Nilikaa kando ya kitanda, radio kwenye magoti, mukono kwenye kifungo cha sauti. Nilikuwa naogopa sitajua watu wanapoingia. Kumbe nilijua. Miaka yote ile nilisema ni kelele tu, na mukono wangu ulijua kila pahali. Nilianza na sauti imefungwa kabisa, nikahesabu pumzi, nikaifungua polepole wakati gitari inaingia. Mwimbaji alipokuwa anakaribia kunyamaza, nikaifunga. Aliporudi, nikaifungua. Nje hakuna mutoto aliyelia wala sufuria iliyoanguka. Upande wa pili wa shitingi nilisikia jirani anatwanga, haharakishi wala hachelewi.

Mume wangu alikuwa amefumba macho. Mwanzoni midomo yake ilikuwa inatembea na wimbo. Halafu ikasimama.

"Mama, watu wako wapi?"

Nilifikiri kumwambia ukweli. Nilifikiri pia kufungua kifungo kidogo tu, kidogo hata jirani asisikie. Nikasikia muchi wake kwenye kinu, na sikufungua.

"Walirudi kwao," nikasema.

Akafikiri. "Wote?"

"Wote."

"Basi huyu anaimbia nani?"

"Wewe."

Sijui kama alifurahi. Uso wake haukuonyesha furaha, ulikuwa kama wa muntu aliyefika kwenye harusi na kukuta viti tu. Wimbo wa mwisho ulipoisha, ninajua kaseti ile, baada yake kuna kelele za watu tu mpaka mwisho wa upande. Nilifunga sauti, lakini sikuzima, kwa sababu alikuwa bado anangojea. Tukakaa hivyo, kaseti inazunguka bila sauti, mpaka upande ukaisha na kifungo cha kupigia kikaruka chenyewe.