Vidonge vya Kibofu cha Mama

Mama yangu aliacha kwenda kanisani kwa sababu ya mkojo. Ukimbana, haumsubiri, kabla hajafika choo cha uani, kanga imeshalowa. Mwanamke aliyelima pamba maisha yake yote, akamzika mume bila kuyumba, sasa anashindwa na benchi la kanisa! Nikamtoa kijijini Maswa, nikamleta kwangu Bariadi. Akapimwa, akaandikiwa vidonge vya kutuliza kibofu.

Vikafanya kazi. Alikaa ibada nzima, pamoja na matangazo yasiyoisha, akatoka anatembea kama bi harusi. Mdomo ulimkauka hadi ugali ukawa haushuki, na choo kikubwa kikawa shughuli, lakini alisema hayo ni ya kuvumilia. Nami nikaitikia amina.

Kisha akaanza kupotea. Akatia chumvi kwenye chai. Akauliza kama ng'ombe wamerudi, na kwangu hatufugi hata kuku. Asubuhi moja nikamwamkia mama kwa Kisukuma kama kawaida.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Ng'wa nani?"

Ndivyo Wasukuma tunavyomuuliza mgeni: wewe mtoto wa nani, ili salamu ikamilike kwa ukoo wake. Nikamtajia jina la baba. Akanikazia macho kwa hasira.

"Huyo ni mume wangu. Amekuzaa na nani?"

Niliingia jikoni nikalia kama mtoto. Kaka yangu akasema kwenye simu kwamba mama amerogwa, tumpeleke kwa mganga. Nilimjibu maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Nikamrudisha mama hospitali na vidonge vyake. Daktari akasema dawa za namna hii huweza kuwavuruga wazee akili, tuziache, tuone. Nikauliza kama akili itarudi. Akasema mara nyingi hurudi, ila kwa umri ule hawezi kuniahidi. Na mbona hakuna aliyenieleza hayo mwanzoni? Akachukua kalamu, akaifuta dawa kwenye cheti.

Tukaacha dawa. Mkojo ndio uliotangulia kurudi, tena kwa kishindo. Nikafua, nikaanika, nikafua tena, huku nikimsihi Mungu anirudishie na mama.

Akanirudishia. Nilikuwa uani nakunja shuka niliposikia, "Ng'wanone." Mwanangu. Shuka zikaniponyoka. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nacheka, nalia, sijui lipi. Akanishika mikono iliyochubuka kwa sabuni, akaitazama.

"Vidonge vyangu umeviweka wapi?"

"Mama, vile vilikuvuruga. Ulikuwa hunijui hata mimi."

"Nimesikia. Nipe. Afadhali nisikujue, kuliko nikujue halafu nikuone unanifulia mikojo."

Vidonge bado vipo kabatini. Sijampa, wala sijathubutu kuvitupa. Kila siku ananiomba, na kila anaponiomba ananiita kwa jina langu.