Nilimmaliza Binamu Yangu Balozi kwa Utani

Nimekosa, tena kwa makusudi. Msinitafutie sababu ya uzee wala ya pombe. Nilikuwa na akili zangu timamu siku nilipomwangusha mtu ambaye hakuwahi kunifanyia baya hata moja.

Mtu mwenyewe ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Tumezaliwa msimu mmoja, kijiji kimoja huku Iringa. Kwetu mabinamu ni watani. Naweza kumwita mwizi wa kuku mbele ya wakwe zake, na yeye hana ruhusa ya kununa. Ndivyo tulivyokuta kwa wazee.

Yeye alisoma. Mimi niliishia darasa la nne nikaenda kupasua mbao. Yeye akawa mwalimu, akawa mbunge, akawa naibu waziri, mwisho akapelekwa nje kuwa balozi. Mimi nikatoka kwenye mbao nikaingia kwenye vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nikanunua lori, nikaongeza la pili, nikajenga nyumba ya wageni pale Soweto, Mbeya. Hakuna aliyenishika mkono! Hata sasa naandika haya najisifu, mtanisamehe.

Lakini jamani, wivu! Balozi akija likizo, kijiji kizima kinafagiwa. Mke wangu, wa kwangu mwenyewe, anapiga pasi kitenge cha kwenda kumpokea. Mimi nikirudi na lori, hakuna hata anayeinuka kwenye kigoda. Bati za zahanati nilitoa mimi. Siku ya ufunguzi mwenyekiti akashika kipaza sauti: "Tunamshukuru Balozi kwa kutusemea." Kutusemea! Kwani bati zinapigiliwa kwa maneno?

Sasa sikilizeni uchafu wangu.

Alipokuwa balozi katika nchi ya jirani, mimi nilinunua dhahabu Chunya kwa wachimbaji wadogo, nikaificha kwenye gunia la vitunguu, nikavuka nayo mpaka bila kibali. Tamaa tu. Wakanikamata. Nililala ndani siku tisa kwenye sakafu ya saruji, na kule kuna baridi kuliko Mufindi.

Siku ya nane wakaniruhusu kumpigia simu binamu yangu, na siku ya tisa akaja. Hakutuma karani, alikuja mwenyewe. Akakaa na wakubwa wa pale tangu asubuhi mpaka jua la saa tisa. Dhahabu wakaichukua, mimi wakaniachia. Akavua sweta lake akanivisha. Nililia, wandugu. Mzee mzima, kamasi mpaka kwenye ndevu.

Nikamwambia, "Binamu, nyumbani wasijue nilichobeba. Wala kwamba nimelia."

Akasema, "Wewe hukunipigia, mimi sikuja. Imekwisha." Halafu akanitania, "Ila ndevu zako zifute, zinatoa ushahidi."

Mtu kama huyo ndiye niliyemchinja!

Alipostaafu akarudi nyumbani, akataka tena ubunge. Kwenye kilabu cha ulanzi watu hawakuwa na habari nyingine. Balozi hivi, Balozi vile, Balozi ataleta lami. Ulanzi ulikuwa wangu, nimewanunulia mimi, halafu wanakunywa wanamsifu yeye! Nikasema kwa sauti:

"Balozi gani huyo! Mimi kule kwake nilikaa ndani siku tisa kwa karatasi za lori. Nampigia simu, ananijibu yuko mezani anakula na mabalozi wenzake!"

Wakacheka mpaka wengine wakamwaga ulanzi. "Binamu huyo, anamtania mwenzake!" Nami nikacheka nao. Nilijua sio utani. Nilikuwa nimeuvalisha uongo nguo ya utani ili asiweze kunishitaki.

Maneno yale yakatembea. Yalipofika vijiji vya mbali kicheko kilikuwa kimeshabanduka, umebaki uongo mtupu.

Siku ya kura za maoni za chama, ukumbi umejaa, mimi nimekaa mstari wa mbele na koti jipya. Mama mmoja akasimama. "Balozi, ni kweli ulimwacha ndugu yako aoze gerezani? Kama yeye ulimwacha, sisi utatukumbuka?"

Binamu yangu akanigeukia. Akasema, "Binamu yangu yupo hapa. Aseme yeye."

Wakaniletea kipaza sauti. Mungu wangu! Kilikuwa mkononi mwangu! Neno moja tu lingetosha, "Alikuja." Nikaona watu wote wananitazama mimi, sio yeye. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, mimi! Nikasema, "Mimi ni mtani wake. Niliyosema nimesema."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na zomeazomea. Yeye akaitikia kwa kichwa, akakaa. Alishindwa vibaya mno. Miaka yote ile ya kutumikia nchi, ikaishia kuzomewa na watu wa kwao.

Tangu siku hiyo hanitanii tena. Zamani akiniona alianza kwa salamu ya kwetu, "Kamwene, mpasua mbao usiye na mbao!" Siku hizi ananisalimia vizuri, "Habari za leo, mzee?" Basi, anapita. Wageni wataona ni heshima. Sisi tunajua. Binamu akikutoa kwenye utani, amekutoa kwenye undugu. Mke wangu alipoona salamu ile aliniuliza nimefanya nini, nikamwambia hata sijui.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikaenda kwake, nikamkuta anapogoa miparachichi. Nikamvuta pembeni kwenye miti, mbali na wafanyakazi.

"Binamu, nimekuja kuomba msamaha. Kwa nini siku ile hukujitetea?"

"Nilikuahidi," akasema. "Na ningejitetea wangeuliza ulikuwa umebeba nini."

"Basi nisamehe."

Akaweka mkasi chini. "Nimeshakusamehe, mzee. Ila nina swali. Siku ile ulisema kwenye kipaza sauti. Mbona leo unaninong'oneza?"

Nimerudi nyumbani na swali hilo na linakula nami mezani. Nimekwenda kanisani Jumapili tatu nikitaka kusimama wakati wa matangazo nimtaje, nitaje dhahabu, nitaje sweta. Mara zote tatu miguu imegoma.

Nyie mnaosoma, hasa nyie mliotafuta wenyewe kwa jasho kama mimi, wivu usiwadanganye kwamba sifa ya mwenzako imetolewa kwenye fungu lako. Na kama umemsingizia mtu hadharani, kafute hadharani, palepale, mapema, kabla mdomo haujawa mzito.

Mimi bado nanong'ona. Mnaona wenyewe, hata jina langu wala lake sijaandika.