Golikipa Hasemi Tafadhali

Glavu za golikipa zikilowa zinanuka, jamani, kama kabichi iliyolala. Mwanangu katundika zake juu ya hita ya sebuleni, hapa Etterbeek, Brussels, na nimesema mpaka nimechoka. Lakini harufu hiyo hunirudisha Schaerbeek, nikiwa na miaka kumi na mmoja, mikononi mwa Papa Wim.

Papa Wim alikuwa Mholanzi mzee aliyetufundisha mpira sisi watoto wa mtaa. Zamani alikuwa golikipa, enzi za kudaka mikono mitupu, mpira wa ngozi ukilowa mvua unakuwa mzito kama jiwe. Vidole vyake vilikwenda kila kimoja njia yake. Enzi zile mchezaji akiumia haingii mwingine, alisema, na yeye aliwahi kumaliza mechi na kidole kilichovunjika. Hadithi hiyo tuliisikia kila Jumatano. Kila Jumatano! Magoti yalipomshinda akawa kocha, akaoa Brussels, akabaki. Amri yake ilikuwa moja: mpira ukiwa wako, mpigie beki kelele, "Acha!" Golikipa bubu hakai golini.

Hapo ndipo balaa langu lilipoanza, maana beki wangu alikuwa Tonton Bosco, yaani mjomba, mdogo wake mama, kitinda mimba wao. Alikuja kutoka Lubumbashi mwaka ule ule, akawa analala kwenye kochi letu. Ana miaka kumi na mitatu tu! Na bado nilitakiwa kumwamkia, kumpakulia, kumwachia paja la kuku. Nikinuna, mama huyo: "Heshima si utumwa. Mutoto hawezi komande tonton yake, hapana."

Basi mechi ya kwanza mpira ukaja juu, nami nikaita kwa adabu: "Tonton, tafazali, uniachie..." Kabla sijamaliza tumeshagongana, mpira uko wavuni. Papa Wim alivua kofia akaikanyaga. "Golikipa hasemi tafadhali!" alifoka kwa Kifaransa chake cha kukwaruza. "Jumamosi ukirudia, namweka mwingine."

Sikulala vizuri wiki nzima. Shuleni nilikuwa mzito, nyumbani nilikuwa wa kuosha vyombo. Golini tu ndipo nilipojiona mtu.

Jumamosi mpira ukaja juu tena. Nikafumba macho: "Bosco, acha!" Nikaudaka. Wenzangu wakashangilia. Tonton akasimama, akanitazama.

"Miye niko nani yako?" akaniuliza, kisha akatoka uwanjani.

Sasa sikilizeni mambo ya yule mzee. Akaacha mechi! Akamfuata Tonton mpaka kwenye uzio, wakakaa kwenye majani yaliyolowa, migongo wametugeuzia, wakaongea mpaka filimbi ya mwisho. Sisi tumepungukiwa mtu, tukafungwa mawili. Nililia kwa hasira. Nimevunja adabu ya kwetu kwa ajili yake, na yeye hata hakutazama!

Jumatano Papa Wim, mvi mpaka masikioni, akaita: "Tonton! Njoo huku." Akimwita mtoto, ee! Tangu siku hiyo timu nzima, Waturuki kwa Wabelgiji, wakamwita Tonton, nami nikaruhusiwa kubweka "Tonton, acha!" bila tafadhali. Mwenyewe alikubali, tena anacheka. Nilikereka kupita kiasi. Cheo hicho kakipata kwa lipi? Kukimbia penyewe hakimbii!

Tulipomzika mama, miaka mingi baadaye, Tonton alikaa kando yangu, naye sasa ana mvi. Nikamuuliza, kwa kupoteza mawazo tu, siku ile pale uzioni mlikuwa mnasema nini.

"Bon, aliniuliza baba na mama yangu beko wapi," akasema. "Hakuna mwingine alikuwa ameniuliza."

Habari yenyewe niliijua tangu utotoni: babu na bibi wa Lubumbashi walikufa mwaka ule, mmoja baada ya mwingine, na picha yao ilikuwa ukutani, juu ya kochi. Hakuna aliyenificha. Ila katika miaka yote ile haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba babu na bibi yangu walikuwa baba na mama yake.