Mpima Barafu wa Angani Ashukiwa Kupima Mashamba

Saa mbili asubuhi, ndege ndogo ya injini mbili inaingia mawinguni juu ya Mlima Meru. Elieza Yoeli, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, amesogeza uso kwenye kioo cha dirisha. Nje imefungwa fimbo ya chuma yenye alama nyekundu. Barafu imeanza kuishika.

"Robo inchi," anasema, kisha anaandika daftarini.

Kazi yake ni kusoma unene wa barafu inayoganda kwenye ndege, ili marubani wajue mawingu ya kukwepa. Ikizidi mabawani, ndege huwa nzito na huweza kuanguka.

Kijijini kwao Akheri, chini ya mlima huo, hakuna anayeyaamini hayo. Tangu serikali ya kikoloni iwaondoe mashambani majirani zao wa Ngare Nanyuki kuwapisha walowezi wa Kizungu, kila mwenye kipimo mkononi anatiliwa shaka. Na Elieza hupita juu ya migomba yao mara tatu kwa wiki, akiandika.

Mkewe, Magdalena, anasema kati ya wanawake kumi na wanne waliozoea kumsaidia kuchuma kahawa, msimu uliopita hakutokea hata mmoja. Kanisani, kwenye benchi lao hukaa wao wawili tu.

Mzee wa kanisa, Kaanaeli, alikwenda kuwauliza barafu hiyo iko wapi. Elieza akamweleza kwamba huyeyuka ndege ikishuka.

"Basi ushahidi wako ni maji," mzee akamjibu.

Hata angani hakuaminiwa. Mwezi Mei alisoma inchi nzima. Rubani akadhani ni woga, akaendelea kupanda. Punde ndege ikaanza kutetemeka na kushuka yenyewe. Waligeuka kuelekea bondeni, na barafu ikabanduka vipande vipande.

"Hakuniomba radhi," anasema Elieza. "Ila siku hizi huniuliza mara mbili."

Amewahi kufikiria kuacha. "Nikiacha leo, watasema nimemaliza kupima."

Sasa amemwombea Kaanaeli nafasi ndegeni Jumanne ijayo, na rubani amekubali. Anatumaini mzee akisimama kanisani na kusema alichokiona, Magdalena hatachuma tena peke yake.

Mwandishi huyu alimkuta mzee akipogoa kahawa, akamuuliza kama atakwenda.

"Nitakwenda. Barafu nitaiangalia," alisema, bila kuinua macho. "Lakini na mpaka wetu nitautazama vizuri, nijue ulipo kabla hawajausogeza."