Tuliikataa kama Bei ya Korosho

Bwana mkubwa aliyetumwa kutuelimisha kuhusu sheria mpya ya usalama alikosea jambo moja tu: alituita kwenye uwanja wa ghala la chama cha msingi cha wakulima, pale pale Nambambo, Nachingwea, tunapofanyia mnada wa korosho. Kwetu, mtu akisimama pale na karatasi, anasoma bei. Isipotupendeza tunapiga kelele kwamba hatuuzi, naye anakwenda kutafuta nyingine.

Akasoma. Suti ilikuwa imemlowa mgongoni, masikini, lakini sauti tamu. Sheria hii ni ngao yetu, alisema, na maadui ni wengi. Nikaangaza macho kuwatafuta hao maadui wa Nambambo, nikaona mbuzi wawili. Kisha akafika kwenye kifungu kinachosema kwamba ofisa wa usalama akitenda kwa nia njema hashtakiwi.

Mama mdogo wangu akasimama. Mwanawe, dereva wa bodaboda, alikuwa amechukuliwa kijiweni na watu wasiojitambulisha, akarudishwa baada ya wiki na goti limevunjika. Walikuwa wamemfananisha na mtu mwingine, basi. Tangu siku hiyo mama mdogo alitaka kitu kimoja tu duniani: kumwona aliyelivunja amesimama mbele ya hakimu. Akauliza kama goti nalo lilivunjwa kwa nia njema.

Bwana mkubwa akanywa maji, akajibu kwamba inategemea.

"Hatuuzi," mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na uwanja mzima ukaitikia. Tuliikataa sheria ile kwa moyo mmoja, kisha tukatulia kungoja atuletee yenye nafuu. Yeye akacheka kidogo, kama anayewacheka watoto.

"Mama, hii si korosho," alimwambia mama mdogo. "Imeshapita. Mimi nimekuja kuwaelimisha tu."

"Kumbe korosho tunaulizwa," mama mdogo akasema. "Goti la mwanangu hatuulizwi."

Jioni redio ikatangaza kwamba wananchi wa Nachingwea wameipokea sheria kwa shangwe. Kelele zetu zilisikika nyuma ya mtangazaji, na yangu niliitambua. Nilikasirika mpaka ugali ukanishinda.

Mnada uliofuata, kwa kuwa huenda kwa zamu, ulikuwa Ruangwa. Bei ikasomwa, tukaikataa, wakaongeza, watu wakapiga vigelegele. Mama mdogo hakupiga. Alikuwa pembeni anamshika mwanawe mkono, anamsaidia kushuka kwenye bodaboda ya mtu mwingine.